Nilikwenda Pangi Kuuliza Kwa Nini Lwalimba Ilibaki Tupu

Tangu nirudi, kila anayeingia hapa dukani kwangu Lubumbashi kuchukua nguo zake ananiuliza swali moja: "Mwayuma, Kaskile yuko wapi?" Kosa ni langu. Niliwapigia simu kutoka Kindu nikilia kwa furaha, nikawaambia nimepata habari za kaka yangu, mtandikieni godoro. Kisha nikashuka kwenye gari la moshi peke yangu na gunia la mchele. Mna haki ya kuuliza. Ila kushona na kusimulia haviendi pamoja, nimeshakata mkono wa blauzi ya mtu kwa sababu hiyo. Kwa hiyo naandika mara moja, msome kwa zamu. Asiyependa hadithi ndefu achukue suruali yake aende salama.

Wengine hamjui chanzo. Mimi ni mtoto wa kambi ya reli ya Kindu. Baba yetu, mtu wa Katanga, alikuwa dereva wa gari la moshi. Mama alikufa mimi nikiwa bado mgongoni, akatulea mdogo wake, mama mdogo Feza, ambaye kwao ni upande wa Pangi. Vita ilipoingia, baba alikuwa huku kusini na gari lake. Reli ikakatika, tukabaki watatu: mama mdogo, kaka yangu Kaskile na mimi. Hakukuwa na shule, hakukuwa na chumvi, na jua likizama hakukuwa na taa. Kulikuwa na Lwalimba.

Lwalimba ni mji ambao mama mdogo aliutoa kichwani mwake ili tusisikie njaa. Watu wake walikuwa na uganga wa kuita. Hawakubeba kitu wala kuvuta kitu. Fundi aliita mawe, mawe yakapandana yenyewe yakawa ukuta. Mwanamke aliita maji, maji yakapanda kilima yakaingia mtungini. Mwenye mtumbwi hakupiga kasia. Alikaa kitako akaita ng'ambo, na ng'ambo ikamjia polepole na miti yake yote. Lakini hadithi yenyewe ilianzia mwishoni. Asubuhi moja mtu alifika Lwalimba akaikuta tupu. Milango wazi, vyungu motoni, hakuna mtu, hakuna damu, hakuna nyayo za adui. Mji mkubwa namna ile, na uganga wote ule, ulikwisha kwa kitu gani? Hilo mama mdogo hakulisema. Kila jioni alitupa kipande kingine cha maisha ya mji, na sisi tukabishana. Kaskile alisema ni vita. Mimi nilisema waliita kitu kikubwa kuliko wao, kikaja kikawameza. Mama mdogo alisikiliza huku akichochea moto, akasema, "Ngoja."

Siku moja Kaskile alivuka mto kwenda Alunguli kutafuta chumvi. Alikuwa mvulana mwenye miguu mirefu asiyejua kuogopa. Mapigano yakalipuka ng'ambo ile, mitumbwi ikazuiwa, na yeye hakurudi. Mama mdogo hakwenda kumtafuta. Hata mitumbwi iliporuhusiwa tena, hakwenda. Alikaa pale pale karibu na chungu chake. Nilipomuuliza mwisho wa Lwalimba, alinijibu, "Mwisho nitasema siku Kaskile atarudi." Baba alipofika na gari la kwanza baada ya vita akanichukua kuja Lubumbashi, niliondoka na donge moyoni. Nilijiuliza ni mama wa namna gani anayekaa jikoni mtoto akiwa amepotea. Donge hilo nimelibeba mpaka nimezaa wangu.

Mwaka huu mtu wa Pangi alipita hapa dukani akaniambia Feza yuko hai, ila macho yanamwishia. Nikafunga mashine, nikawaachia ninyi watoto wangu, nikaondoka. Nilitaka kumuuliza mambo mawili: Lwalimba ilibaki tupu kwa nini, na yeye alikaa kwa nini.

Lubumbashi hadi Kabalo

Ya tiketi sisemi, mnayajua. Ndani ya behewa kulikuwa na magodoro, mbuzi, madumu matupu yanayokwenda kujazwa mawese, na mama mmoja mnene aliyekalia nusu ya nafasi yangu kabla sijafika. Nilimwambia asogee. Akaniangalia kama mtu anayetazama mvua ikinyesha kwa jirani.

"Mama," akasema, "hii gari si ya siku moja. Leo tutagombana, kesho tutakula pamoja. Tuanze na ya kesho."

Aliitwa Mama Sifa, mfanyabiashara wa mawese anayepanda na kushuka njia hiyo tangu reli ilipofunguliwa tena baada ya vita. Nilimnunia hadi Kamina. Baada ya Kamina alifungua sufuria ya kuku na bukari, ugali wa jana, na mimi si jiwe.

Kabalo gari lilisimama. Mashine ya kuvuta imekufa, wakasema, inangojewa nyingine. Mtu wa haraka asipande gari hili, maana pale Kabalo watu walishuka na masufuria wakaanza maisha mapya. Waliopanga mawe matatu ya kupikia walipanga, mama mmoja alifungua biashara ya mandazi chini ya behewa, na mchungaji mmoja alipata waumini. Samaki walikuwa wanatoka mtoni wangali wanapiga mkia. Nilikula samaki mpaka nikawachoka, na bado mashine haikuja.

Alasiri moja nilikuwa naosha vyombo kando ya behewa, Mama Sifa amezungukwa na watoto wa wasafiri waliokuwa wanasumbua mama zao. Nilisikia sauti yake nyuma yangu:

"Ule mwenye mutumbwi hakukuwa na kasia. Alikaa tu, akaita ng'ambo. Ng'ambo ikakuya."

Sufuria ilinitoka mkononi. Niwaambieni ukweli, nilikaa chini kwenye kokoto kama mlevi. Mji ule haumo katika kitabu, wala hakuna bibi mwingine duniani anayeusimulia. Ulitoka katika kichwa kimoja na kuingia katika vichwa viwili, changu na cha Kaskile.

Kabalo hadi Kibombo

Mashine ilikuja, tukaondoka, na mimi sikumwachia Mama Sifa nafasi hata ya kulala. Tulivuka daraja la Kongolo watu wote wakichungulia mto, mimi namchungulia yeye.

"Hiyo hadithi ulisikia kwa nani?"

"Mama, nilishakuambia. Kwa kijana moja wa kuchimba, kule upande wa Shabunda. Nilikuwa napeleka mafuta ku machimbo. Mvua ilitufungia, akatusimulia."

"Jina lake?"

"Mosi."

"Na yeye alisikia kwa nani?"

"Kwa mwenzake mwenye walilala naye nyumba moja. Ule alishaenda ku machimbo ingine. Mosi alisema huyo mwenzake alikomalia ku kambi ya reli, utoto yake yote."

"Kambi ya reli ya wapi?"

"Sikuuliza. Ningejua nitapanda gari na wewe, ningeuliza."

Nikamuuliza je, mwisho anaujua? Mji ulibaki tupu kwa nini? Mama Sifa alitikisa kichwa. Mosi hakuujua, na mwenzake Mosi pia hakuujua. Alikuwa anawaambia wenzake kwamba mwisho uko kwa mama yake, siku moja atakwenda kuuchukua.

Nililia kuanzia hapo mpaka kituo cha Samba. Mama Sifa, ambaye hajui kubembeleza, alinimenyea karanga moja moja na kuniwekea mkononi. Alipoelewa habari yenyewe, alisema jambo ambalo wakati ule lilinikasirisha: "Hadithi inatembea kuliko muntu. Inaweza kufika na mwenyewe hayuko." Nilimjibu kwamba kaka yangu yuko, na kwamba nikitoka Pangi nitaendelea mpaka Shabunda, nitampata Mosi, na Mosi atanionyesha njia. Akasema sawa, akaendelea kumenya karanga.

Kibombo tulinunua wali uliofungwa kwenye majani, na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, yenye mawese ya kutosha. Nilipouonja nilikumbuka kwamba mimi ni mtu wa kule Maniema. Huku kwenu tunakula ili tushibe.

Kindu

Kindu nilishuka asubuhi, kituo kile kile, na bandari iko pale pale chini na mitumbwi yake. Kilichopungua ni urefu wa vitu. Nilidhani kituo ni kikubwa sana. Kumbe mimi ndiye niliyekuwa mdogo. Hapo ndipo nilipowapigia simu nikapiga kelele za godoro. Msinicheke, ningekuwa na ngoma ningeipiga.

Nikaenda kambini kuona nyumba yetu. Nilisimama mbele ya mlango muda mrefu, nimevaa miwani ya jua, nimeshika mkoba wangu wa dukani, naangalia ukuta juu mpaka chini. Mwanamke akatoka, mtoto mgongoni, mwiko mkononi.

"Mama, nyumba iko na mwenyewe," akasema kabla ya salamu.

Nikamwambia najua, mimi nilikulia humu. Hilo ndilo lilikuwa kosa. Akaita jirani, jirani akaita mumewe, na baada ya kitambo kidogo nilikuwa nimezungukwa na watu wanaonieleza kwamba nyumba haiuzwi, hairudishwi, na kwamba watoto wa wenye nyumba wa zamani wamezidi kuja. Kila nilipoapa kwamba sitaki nyumba, walizidi kuamini naitaka. Mwishowe nikavua miwani nikasema nataka kuona jikoni tu, mahali chungu kilipokaa.

Mwanamke yule alinitazama upya. Akanipeleka nyuma. Mafiga hayakuwapo tena, wanapikia babula, jiko la makaa. Nilisimama pale nikatamani kitu ambacho hata sikujua jina lake. Njaa ya wakati ule siitamani, wala hofu yake. Natamani bega la Kaskile lililokuwa linagusa langu, na sauti ya mama mdogo ikisema ngoja. Nimeishi maisha mazuri Lubumbashi, siwadanganyi, lakini hakuna mahali nimewahi kukaa karibu na mtu namna ile.

Mwanamke alinipakulia wali na makayabu, samaki wa chumvi. "Kula, mama," akasema, "lakini nyumba hapana."

Kuvuka kwenda Alunguli

Pikipiki nazo zinavuka kwa mtumbwi, zimelazwa kama wagonjwa. Niliyepatana naye kunipeleka Pangi aliitwa Ramazani, mtu mzima mwenye ndevu, anayesimamisha safari kila wakati wa sala na hajali abiria anasema nini. Alishika pikipiki yake, mimi nikashika ukingo wa mtumbwi.

Nilikuwa sijawahi kuvuka pale tangu nizaliwe. Baada ya Kaskile kupotea nilikatazwa hata kukaribia maji. Tulipofika katikati nilijikuta nimefumba macho, naita. Niliita ng'ambo kwa sauti kama tulivyokuwa tunafanya watoto, kwa kuvuta neno mwishoni.

"Anaita nani?" mpiga kasia akauliza.

"Anaita Alunguli," Ramazani akajibu. "Mwache, ni mutu wa Lubumbashi."

Mtumbwi mzima ulicheka, na mimi nikacheka nao. Kisha nikaona ukingo ule wa matope, bustani za mboga juu yake, wanawake wanafua, na nikafikiri: hapa ndipo alipokanyaga mara ya mwisho ninayoijua. Sikucheka tena mpaka mtumbwi ulipokwama kwenye matope.

Alunguli hadi Pangi

Njia ile haina haja ya maneno mengi, maneno yenyewe yangekwama. Ni msitu, tope jekundu, na madaraja ya magogo ambayo Ramazani alinishusha ili nipite kwa miguu. Tulianguka. Tulianguka tena. Mara ya tatu niliangukia upande wa mkoba wangu, na vitenge nilivyomchukulia mama mdogo vikaingia tope, hata kile cha bei kubwa. Mvua ikatulaza Kalima, kwa mjane mmoja aliyetukaanga ndizi, akatupa bulangeti, na akakataa katakata kusikia tumetoka wapi kabla hatujala.

Njiani nilikuwa nimeshapanga yote na Ramazani. Atanifikisha kwa mama mdogo, nitasalimu, nitauliza maswali yangu, tutalala, na kesho yake tutaelekea upande wa Shabunda. Alikubali, ingawa alisema njia ya huko si ya kuahidi kurudi lini. Nilimwambia sijali. Nilikuwa nikisema kweli.

Kwa mama mdogo

Nyumba yake iko kabla ya kufika Pangi penyewe, kando kabisa ya njia, karibu mno kwa maoni yangu, maana vumbi la kila pikipiki linaingia mlangoni. Hakuwapo. Jirani yake, Mama Zaina, alinikaribisha ndani, akasema Feza yuko shambani, anafuata kijia kwa mguu hata bila macho, atarudi sasa hivi. Akaenda kuniletea maji ya kuoga.

Juu ya meza kulikuwa na sahani iliyofunikwa. Mimi nimelelewa kwetu: mgeni akikuta chakula kimefunikwa mbele ya kiti chake, ni chake. Nilifunua. Wali mweupe, sombe, kipande cha samaki. Tangu ndizi za yule mjane sikuwa nimetia kitu kinywani. Nilikula, nikaufuta mchuzi kwa kidole, nikarudisha kifuniko.

Mama Zaina aliingia na ndoo, akaona. Akaweka mikono kichwani.

"Umekula sahani ya Kaskile."

Alinieleza akiwa bado amesimama. Feza alihamia pale mara tu baada ya baba yangu kunichukua. Kila siku anapopika, sahani ya kwanza inafunikwa kwa ajili ya mtoto wake aliyeko njiani. Jua likikaribia kuzama na hakuna aliyekuja, humpa mpita njia yeyote. Lakini kabla ya hapo hakuna anayeigusa, hata mwenye nyumba mwenyewe. Nilitamani kuutapika wali ule. Hebu fikiria, miaka yote hiyo kakangu anawekewa, na mimi naingia na viatu vya tope nakula mpaka mchuzi.

Mama mdogo aliingia na jembe. Amekuwa mdogo, mwembamba, kichwa cheupe. Akasimama kizingitini akanusa, kisha akapapasa meza, akafunua sahani, akapitisha vidole ndani.

"Nani alikula?"

"Ni mimi, mama. Ni Mwayuma. Sikujua. Nisamehe."

Hakupiga kelele. Alikuja akanishika uso wote kwa mikono yake yenye udongo, masikio, pua, akashuka mpaka mabegani.

"Njaa iliisha?"

"Iliisha, mama."

"Basi sahani ilifanya kazi yake. Wewe na Kaskile ni tumbo moja. Sikuifunikia mutoto wa jina moja. Niliifunikia mutoto mwenye kutoka njiani. Umetoka njiani." Akamgeukia jirani yake. "Mama Zaina, toa mikono ku kichwa, hakuna muntu alikufa."

Tulilia kwa zamu, tukacheka kwa zamu. Halafu, kwa kuwa mimi ni mtu wa haraka na mnanijua, nikamwambia. Nikamweleza Mama Sifa, Mosi, mwenzake Mosi wa kambi ya reli, mwenye mtumbwi asiye na kasia. Nikamwambia kesho nakwenda Shabunda kumtafuta Kaskile, na kama Mosi naye ameondoka nitamfuata alikokwenda. Nilidhani atainuka acheze. Alibaki amekaa, mikono mapajani. Nje Ramazani alikuwa anaosha pikipiki yake.

"Watoto wako iko na nani?" akauliza.

"Na rafiki zangu."

"Uliwaambia utarudi lini?"

"Nikimpata."

Akatikisa kichwa polepole. "Kaa chini," akasema. "Nikupe mwisho wa Lwalimba."

Nikamwambia hapana. Alisema angeusema siku Kaskile atakaporudi; akiusema sasa ni kama anamfukia. Nilimwomba kabisa anyamaze. Mimi niliyesafiri njia yote ile kwa ajili ya mwisho huo, nilimshika mkono ili asiutoe.

"Nilikuwa namuwekea yeye," akasema. "Lakini ni wewe njo unataka kutoka. Sikiliza.

"Lwalimba haikuwa na vita. Hakukuwa uchawi mubaya, na hawakuita kitu kikubwa. Ni mutoto mumoja njo alikwenda ku pori. Jioni mama yake akamuita. Kule ukiita kitu, kinakuya. Ile siku mutoto hakukuya. Mama akaacha chungu ku moto, akasema: nakwenda kidogo tu, narudi. Hakurudi. Bwana yake akamufuata. Ndugu wakafuata bwana. Jirani wakafuata ndugu. Mwenye mutumbwi akafuata jirani. Kila muntu aliacha moto yake inawaka, sababu kila muntu alisema: narudi sasa hivi. Yule wa mwisho kutoka hata hakujua jina ya mutoto. Alikuwa anafuata tu mwenye kuwa mbele."

"Na mtoto?" nikauliza.

"Mutoto alilala juu ya muti, asubuhi akarudi. Yule muntu mwenye kufika na kukuta vyungu motoni na milango wazi, ni yeye. Akaita mama. Akaita baba. Akaita muji yote. Hakukuwa hata mumoja wa kuitika."

Nilisikia maji yakidondoka kutoka kwenye pikipiki.

"Ile wakati Kaskile alivuka," akasema, "usiku na muchana miguu yangu ilitaka kwenda. Nilijifunga kitambaa ku magoti, Mwayuma, kama muntu mugonjwa, ili nisitoke. Ulikuwa mudogo. Ningetoka, ungenifuata. Angerudi, angekuta nani? Baba yako alipokuchukua, nikasema, sasa naweza kutembea. Nikavuka na nikakaa hapa, sababu njia yote ya upande hii inapita ku mulango yangu. Zaidi ya hapa sikwenda. Lazima muntu mumoja akae na chungu."

Donge lile nililolibeba tangu utoto sikulikuta tena. Niliweka kichwa mapajani mwake kama mtoto wa kunyonya.

Kurudi

Asubuhi Ramazani alikuja, pikipiki safi, imejaa mafuta, na hakukuwa na mvua. Njia ya Shabunda ilikuwa wazi kabisa mbele ya mlango. Mama mdogo hakusema nenda wala usiende. Alikuwa anapepeta mchele wa sahani ya siku ile. Nilimwambia Ramazani ageuze tuelekee Alunguli. Sikuwa na uhakika kwamba nafanya jambo jema, na hata leo ninapoandika sina. Kuna siku mashine ikitulia nasikia ile pikipiki inawaka.

Nilimwomba mama mdogo aje nami huku. Alicheka. "Na sahani?" akasema. Kisha akanipa gunia la mchele, akaniambia neno ambalo ndilo sababu ya maandishi haya yote: "Wewe keti kwako. Ni hadithi njo itamutafuta. Yeye iko na yote, anakosa mwisho tu. Peleka mwisho ku njia."

Basi niliupeleka. Niliusimulia kwenye mtumbwi, na mpiga kasia aliacha kupiga kasia. Niliusimulia Kindu kwa yule mwanamke wa nyumba yetu, ambaye alinifungulia mlango wa mbele. Mama Sifa nilimkuta bandarini na madumu yake, nikamsimulia mara mbili ili asikosee. Anapanda tena machimboni kabla ya mvua kubwa. Niliusimulia ndani ya behewa kila tulipokwama, na mnajua tulikwama mara ngapi.

Lakini nilipofika nyumbani nilishtuka. Kaskile anajua kwamba mwisho huo ulikuwa kwa mtu mmoja tu, na tangu apotee anaamini mtu huyo anamwekea mpaka arudi. Akiusikia kwa mchimbaji fulani karibu na moto, atafikiri nini? Atafikiri mama mdogo amechoka kungoja. Atafikiri kule kwetu vyungu vinaungua na hakuna mtu.

Ndiyo maana nawaomba ninyi, mliolea wanangu na kutandika godoro. Mnasafiri, mna wateja, mna ndugu huko juu. Isimulieni Lwalimba, lakini msiishie kwa mtoto aliyeita akakosa wa kuitika. Ongezeni kwamba mwanamke mmoja alijifunga magoti akabaki. Yuko kando ya njia, kabla ya kufika Pangi, mlango wake unaingia vumbi, na leo pia amepika akafunika sahani.